Mwenye bomba ndo abebe mzigo, sio mkulima wa mchicha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua barua yangu ni ndefu lakini jambo hili limenikaa rohoni toka masika na kila ninapolipeleka linarudi mikononi mwangu. Mimi nalima mboga bonde la Msimbazi hapa Dar, huu ni mwaka wa 14 sasa, mchicha, matembele, chainizi, na bamia kidogo kipindi cha jua kali. Eneo niliachiwa na mjomba wangu alivyorudi kijijini, matuta 46, na hayo matuta ndo yamenilipia kodi ya nyumba na ada za watoto miaka yote hiyo.

Mwezi uliopita walikuja maafisa wawili na mgambo watatu. Wakasema mboga zetu zinamwagiliwa majitaka, ni hatari kwa walaji, kwa hiyo tunapewa siku saba tung'oe wenyewe la sivyo zitafyekwa. Mmoja wao binti mdogo tu, ana adabu, alinisalimia vizuri, "Shikamoo baba," nikamwitikia, nikamwambia mwanangu njoo huku kwanza nikuonyeshe kitu afu baada ya hapo ung'oe unachotaka. Nikampeleka mpaka juu, hatua kama 120 toka kwenye tuta langu la mwisho, kwenye chemba ya bomba kubwa la majitaka. Mfuniko ulishavunjika siku nyingi. Usiku wa Jumapili moja mwezi wa nne ile chemba ilianza kutapika, na haikutapika siku moja, ilitapika wiki tatu na siku mbili mfululizo, mimi nilikuwa naweka alama ukutani kwa mkaa.

Ambaye hajaona hajui. Maji yanatoka ya kijivu, yanachemka kama uji jikoni, juu yake yana utando wa mafuta, yamebeba pampasi, nywele, vitambaa vya kina mama, na yanashuka taratibu yakifuata mfereji tulioulima wenyewe kwa ajili ya maji ya mvua. Yakiingia kati ya matuta hayaondoki. Yanalala pale. Asubuhi unakuta jani la mchicha lina mstari wa tope la kijivu mpaka lilipofika maji, yaani unaweza kupima kwa rula. Nilipoteza matuta 19, niliyang'oa kwa mkono wangu bila kuambiwa na afisa yeyote kwa sababu sikuweza kumuuzia mama wa watu kitu kile, na mikono iliniwasha siku nne.

Yule binti aliangalia, akanyamaza, akaniambia baba sisi tumetumwa mboga, bomba sio la kwetu. Nikamuuliza la nani. Akasema hajui vizuri. Na hilo ndo swali langu kwako Mhariri na kwa wasomaji wako, kwamba hivi majitaka yakiingia kwenye shamba la mtu au kwenye mto, mwenyewe ni nani?

Maana nimezunguka. Ofisi ya kwanza waliniambia hilo bomba kweli lipo kwenye ramani lakini chemba imeziba kwa sababu watu wanatupa takataka, na takataka ni za halmashauri. Nikaenda huko, nikaambiwa takataka ni zetu lakini bomba la majitaka sio letu, sisi tunahusika na vyoo vya majumbani na usafi wa mitaa. Ofisi ya tatu ikasema yenyewe inasimamia mto, sasa maji yakiwa bado yapo shambani hayajaingia mtoni inakuwa ngumu kidogo, niandike barua. Niliandika. Ya nne inahusika na mazingira na huko walinisikiliza vizuri, wakafungua faili, na ndani ya wiki mbili wakaja kupima, ila walichokuja kupima ni mchicha. Kwa hiyo mimi niliyeshitaki ndo nikageuka mshitakiwa. Sitaji ofisi yoyote kwa jina kwa sababu naamini humo ndani wapo watu wazuri na sitaki mtu apoteze kazi, ninachotaka ni bomba lizibwe na ijulikane siku nyingine nikimbilie wapi.

Sasa nikakaa nikafikiria, na nimesoma kidogo, na kijana wangu mmoja yuko chuo akanisaidia kutafuta. Historia ya mji huu kuhusu majitaka ni historia ya kubadilisha vibao vya ofisi. Zamani majisafi yalikuwa ya NUWA, mamlaka ya maji ya mijini, na majitaka yalikuwa idara ya Jiji, 1997 vikaunganishwa ikawa DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya Dar, 2003 akaletwa mwekezaji binafsi akaondolewa 2005, ikaja kampuni ya serikali DAWASCO, 2018 DAWASCO ikarudishwa ndani ya DAWASA. Halmashauri ya Jiji nayo ikavunjwa ikawa tume 1996, ikarudi 2000, na Februari 2021 Jiji la zamani likavunjwa tena na Ilala ikapandishwa ndo ikawa Jiji. Miaka yote hiyo bomba lilikuwa palepale chini ya ardhi, halijasogea hata inchi, limezeeka tu na kuongezewa nyumba. Kila ofisi mpya ikiingia inasema tatizo imelirithi. Sawa, lakini ukirithi nyumba ya baba yako umerithi na deni lake, huwezi kuchukua kodi za wapangaji afu paa likivuja ukasema paa ni la marehemu.

Na kodi zinachukuliwa. Mteja aliyeunganishwa kwenye mtandao analipa majitaka kwenye bili yake kila mwezi. Gari la kunyonya vyoo likienda kumwaga kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka linalipia. Kiwanda kinachotiririsha kinatakiwa kiwe na kibali, na kibali kina ada. Kwa hiyo hela ya kinyesi cha mji huu inakusanywa na kuna watu wana risiti zake. Mimi msimamo wangu ni mmoja na nausema wazi, anayepokea hela ya kubeba uchafu ndo mwenye uchafu, toka unapotoka chooni mpaka unapokuwa maji yasiyodhuru mtu. Ukivujia njiani umevujia mikononi mwake. Asiulizwe mkulima, asiulizwe mama muuza mboga, asiulizwe mwenyekiti wa mtaa ambaye hana hata koleo.

Sheria yenyewe inakubali hivyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasema anayechafua ndo alipe. Sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inataka kibali kwa yeyote anayemwaga majitaka kwenye chanzo cha maji, na huku kwetu ni Bodi ya Bonde la Wami/Ruvu. Huduma za majisafi na majitaka zina sheria yake ya 2019 na EWURA, wadhibiti wa huduma za nishati na maji, ndo msimamizi. Afya ya jamii ina sheria yake nayo, ya 2009. Kwa hiyo sheria hatuna njaa nazo, zipo nyingi mpaka zinapishana mlangoni. Ila kifungu kinachokumbukwa haraka kuliko vyote huku bondeni ni kile cha mita 60 kutoka ukingo wa mto, ambacho kinatumika kumtoa mkulima. Mimi sikipingi, mto unahitaji kupumua. Lakini mita 60 hizohizo zina mabomba yanayotoa mdomo mtoni, zina mitaro ya viwanda inayobadilika rangi kulingana na siku, leo bluu kesho nyekundu, na sijawahi kuona mgambo amesimama kwenye mdomo wa bomba.

Nirudi kwenye mto wenyewe. Msimbazi unaanzia milima ya Pugu kule Kisarawe na kule juu maji yanaonekana mpaka mchanga wa chini. Ukishuka nao ukafika Vingunguti, Tabata, Kigogo, Jangwani, mpaka unapoingia baharini pale daraja la Selander, ni mto mwingine. Wazee wetu huku wanakumbuka watu wakiogelea. Mtandao wa mabomba ya majitaka kwa miaka mingi umefikia kama asilimia 10 tu ya watu wa mji huu, tuliobaki ni vyoo vya shimo na makaro. Sasa mji wa mamilioni ya watu, asilimia 90 kinyesi chao kiko kwenye shimo nyuma ya nyumba, na shimo likijaa kinaenda wapi?

Hapa lazima niseme ukweli hata kama majirani watanichukia. Kuna kutapisha vyoo. Mvua ikianza kunyesha usiku unasikia nyundo. Wengine wana bomba kabisa limetobolewa ubavuni mwa shimo limezibwa kwa gunia, mvua ikikolea gunia linachomolewa, na kinyesi cha mwaka mzima kinashuka na maji ya mvua mpaka mtaroni, toka mtaroni mpaka mtoni, au mpaka kwenye matuta yangu. Asubuhi mtaa mzima unanuka na hakuna aliyesikia kitu. Nimewahi kupanga nyumba Kigogo yenye vyumba nane, familia nane na choo kimoja, kikajaa, tukachanga elfu 90 kuita gari, gari likafika likashindwa kuingia uchochoroni, mipira haikufika, likaondoka. Wakaja vyura, wale vijana wanaoingia shimoni wenyewe kiunoni bila gambuti wala glavu, wakachimba shimo pembeni wakahamishia humo. Shimo hilo lilikuwa hatua nane toka kisima. Mwenye nyumba alikuwa anaishi mbali huko, anakuja tarehe moja kuchukua kodi.

Kwa hiyo kwenye kutapisha na penyewe nauliza nani wa kulaumiwa, mpangaji anayelipa chumba elfu 40? Mimi nasema mwenye nyumba. Choo ni sehemu ya nyumba kama mlango ulivyo, na anayekula kodi ya vyumba nane awajibike na kinyesi cha vyumba nane. Lakini na mamlaka nazo zimsaidie, gharama ya kunyonya igawanywe kidogokidogo kwenye bili ya maji ya kila mwezi, sio mtu anakurupuka siku shimo limefurika hana hata senti. Na uchochoro usipoingia gari kuna njia nyingine, Vingunguti wananchi na Shirikisho lao la watu maskini wa mijini wakishirikiana na CCI, asasi isiyo ya serikali, walishafanya, mabomba membamba yanapita uani nyumba hadi nyumba yanaenda moja kwa moja mabwawani. Kitu kinawezekana na kimefanyika mji huuhuu.

Na hayo mabwawa watu wengi wanayapita tu bila kujua kazi yake, na mimi miaka mingi nilikuwa hivyo. Majitaka yanaingia bwawa la kwanza lenye kina kirefu, tope linazama chini, yanahamia la pili, la tatu, na huko jua na siku nyingi za kukaa ndo zinaua vijidudu, na mayai ya minyoo yanazama chini. Hakuna dawa hapo wala umeme, dawa ni muda. Sasa tope la chini lisipochotwa kwa wakati bwawa linakuwa dogo, na magari yakizidi maji yanasukumwa yatoke kabla ya siku zake. Yanatoka yakiwa bado majitaka, yanaingia mtoni. Kwa hiyo mtu aliyelipa bili yake kihalali, akaita gari kihalali, likamwaga sehemu halali, bado kinyesi chake kinaweza kunifikia mimi kwenye tuta. Huyo mtu hana kosa hata chembe. Mwenye bwawa ndo mwenye kosa.

Najua kuna watakaosema wakulima wenyewe wanayapenda maji hayo. Ni kweli wapo. Mchicha wa maji yale unanawiri mweusi bila kununua mbolea ya urea, na maji ya bomba kumwagilia matuta 46 huwezi, utafunga bustani wiki ya kwanza. Mimi nina kisima kifupi ndo natumia, na bado sina uhakika nacho kwa sababu ardhi yote ya bondeni imeshalowa. Ila kuna tofauti kubwa ya mkulima anayetumia maji machafu kwa sababu hana mengine na ofisi inayoyatoa machafu wakati imelipwa iyatoe masafi. WHO walishasema toka 1989 maji ya kumwagilia mboga za kuliwa mbichi yasizidi vijidudu 1,000 vya kinyesi kwa mililita 100, na yai la minyoo lisizidi moja kwa lita, na mwongozo wao wa 2006 ukasema kinga ziwekwe kila hatua, kusafisha maji, kuchagua mazao, namna ya kumwagilia, kuacha kumwagilia siku kadhaa kabla ya kuvuna, kuosha, kupika. Hatua zangu nazikubali. Kuna mambo tumekubaliana wenyewe huku, hatulimi kitu cha kachumbari, mchicha na matembele vinapikwa, na siku tatu kabla ya kuvuna keni za kumwagilia zinakaa pembeni. Wanaoosha mafungu kwenye maji ya mtoni ili yaonekane mabichi sokoni tunawafukuza. Lakini hatua ya kwanza kabisa, ya kusafisha maji, sio yangu na sina uwezo nayo, na kama ya kwanza haipo hizi zangu zote ni kuziba tundu la chungu kwa kidole.

Watu wanasahau haraka. Agosti 2015 kipindupindu kilianzia hapa Dar kikasambaa nchi nzima, tulizika. Wakati ule pia ilikuwa fyeka mboga, funga mama lishe, kamata muuza juisi. Vitu vya kufunga vilipatikana siku ileile, vya kujenga ndo vinachukua miaka.

Kuna kitu kingine kijana wangu alinisomea kikanipa nguvu ya kuandika barua hii. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walilipeleka Jiji Mahakama Kuu kwa sababu ya dampo lililokuwa linawachomea takataka mapuani, wakashinda. Jiji likawa linarudi kuomba liongezewe muda wa kuendelea kumwaga, mwisho Jaji Lugakingira akakataa, akashika ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi, kwamba mamlaka ya umma haiwezi kuomba ruhusa ya kuhatarisha maisha ya watu. Takataka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao 1991 wakaenda mahakamani na wao wakashinda. Hao walikuwa watu wa kawaida kama sisi. Kwa hiyo hili la mamlaka kuwajibika kwa uchafu wake halijaanza na mimi, mahakama zetu zilishalijibu kabla ya kijana wangu kuzaliwa.

Ninachoomba sasa. Kila bomba linalomwaga mtoni na kila chemba kubwa iwekwe kibao, jina la ofisi, namba ya kibali, namba ya simu inayopokelewa hata usiku. Tumeona vibao vya miradi ya barabara, jina la mkandarasi, mshauri, gharama, kila kitu, iweje bomba la kinyesi likose mwenyewe. Majibu ya vipimo vya maji yanayotoka mabwawani na viwandani yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa kila mwezi kama yanavyobandikwa mapato na matumizi, tuyasome. Chemba ikipasuka saa zihesabiwe kuanzia simu ya kwanza, na zikipita 24 bila fundi kufika mwenye bomba aanze kulipa, kwanza mto kisha mtu aliyeharibiwa. Na ofisi moja ipewe jukumu la kupokea malalamiko yote ya majitaka, ikishayapokea yenyewe ndo iende kwa wenzake, isinitume mimi. Mimi nauli yangu ya kuzunguka zile ofisi nne imefika elfu 38, ni mafungu mangapi ya mchicha hayo.

Sasa hivi kuna mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi, mkopo wa Benki ya Dunia, dola milioni 200, watu wa Jangwani wameshalipwa fidia wamehama, tunaambiwa patakuwa na bustani ya jiji na daraja la juu. Nauombea heri mradi huo. Lakini wanaousimamia wajue kingo zikijengwa vizuri namna gani huku chini, ule uchafu unaingilia huko juu, kwenye midomo ya mabomba na kwenye mashimo ya vyumba nane nane. Mtu anayekuja kupumzika kwenye bustani atakuwa anaangalia maji yaleyale.

Chemba yangu, maana nimeshaizoea naiita yangu, mpaka naandika barua hii imezibwa na viroba sita vya mchanga tulivyochangia watu watano, na mfuniko ni bati tuliloligandamiza kwa tofali. Leo asubuhi nimekuta upande wa chini umeanza kulowa tena. Siku saba za yule binti zilipita na hawajarudi kufyeka, nadhani alikwenda kueleza alichokiona, namshukuru kwa hilo. Nimepanda upya matuta 11, yale manane ya karibu na mfereji nimeyaacha wazi. Ofisi itakayosema hili bomba ni letu ije siku yoyote, gari linafika mpaka kwenye mwembe mkubwa, toka hapo ni mwendo wa dakika tano kwa miguu na mtu yeyote mwenye jembe atawaonyesha njia.

Mkulima wa mboga,
Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam.